Siku Niliyomuua Anko Damasi Hewani

Kilio cha kwanza kilitoka kwa mafundi cherehani, ng'ambo ya barabara. Sauti moja ya mwanamke, ilianzia juu kabisa kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, kisha ikashuka, ikashuka, hadi ikawa mguno. Nilikuwa studioni nimevaa hedifoni nusu, sikio moja ndani, sikio moja nje, kama nilivyofundishwa, na ni hili la nje lililoisikia. Nikajisemea, maskini, nani tena kafiwa huko. Nikamwonea huruma kweli. Wadogo zangu, huruma ile ndiyo inayonitia aibu mpaka leo, kwa sababu msiba wa yule mama nilikuwa nimeutengeneza mimi, kwa mdomo wangu, dakika tatu kabla.

Nyie mnaokuja kupimwa sare hapa kwangu Msamala mnaniuliza sana kazi ya redio ikoje. Mmesikia niliwahi kuwa huko, mnataka niwaambie mlango uko wapi. Nawaambia nimestaafu, mnacheka, eti mtu wa miaka thelathini na minne anastaafu vipi. Wazee hustaafu kwa barua. Mimi nilistaafu kwa kuchoka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Lakini kaeni, nikiwa naweka vifungo nitawasimulia, na kwa kuwa maneno yakishasemwa hupotea, nimeyaandika pia.

Mimi niliingia kwa kadi ya salamu. Kwa mliozaliwa na wasapu, kadi ya salamu ilikuwa karatasi ngumu kidogo yenye mistari: jina lako, unakotoka, watu kumi unaowasalimia, na chini kabisa ujumbe. Unaijaza, unaipeleka redioni, unasubiri jina lako litajwe, na likitajwa mtaa mzima unakuona mtu. Mama yangu alikuwa hodari wa kadi. Siku hiyo alinituma nipeleke zake tano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hatukuyabandika ukutani. Nilipofika mapokezi nikamkuta mzee mmoja mrefu, shati jeupe, tai nyekundu, ameishika kadi anaigeuza kama ramani.

"Binti, hebu nisaidie. Hapa pameandikwa nini?"

"Shikamoo. Pameandikwa 'kwa mashemeji wote wa Bombambili ambao hawajanijengea heshima'."

"Marahaba. Umejuaje? Mimi nimeona kuku kapita na wino."

"Baba yangu anaandika hivi hivi akitoka kwenye ulanzi."

Akamgeukia dada wa mapokezi. "Huyu anasoma mwandiko wa walevi. Asiondoke."

Huyo ndiye Anko Damasi. Kila siku saa kumi jioni alikuwa na kipindi cha muziki wa dansi, saa mbili nzima, na Songea yote ilikuwa yake. Wenye baiskeli walifunga redio kwenye usukani kwa mpira. Namtumbo huko walikuwa wanachambua tumbaku huku wanamsikiliza. Mimi nikawa mtu wa kadi na simu zake. Kuzipanga kadi kwa mitaa, kupokea simu, kuchuja nani aingie hewani na nani abaki nje.

Kuchuja ni kazi, msidharau. Anayeanza kwa kusema "Nina jambo dogo tu" usimwingize, jambo lake ni la shamba la urithi. Anayekuuliza "Niko hewani?" kabla hajasalimia, mwambie apunguze redio yake kwanza, la sivyo atajisikia mwenyewe kwa nyuma na atababaika, utadhani anahojiwa polisi. Anayecheka bila sababu kanywa, lakini huyo mwingize, ndiye anayechangamsha kipindi. Haya hakuna chuo kinachofundisha.

Na muziki wenyewe. Anko alikuwa anasema wimbo wa dansi una milango miwili, wa kuimba na wa kuchemka. Watu wanavumilia mlango wa kwanza, mapenzi na lawama, kwa sababu wanajua wa pili unakuja, pale magitaa yanapoanza kukimbizana. "Ukiukata wimbo kabla ya mlango wa pili," alisema, "umewaalika watu harusini ukawafungia nje ya ukumbi." Siku hizi nyimbo zinakatwa dakika ya tatu. Watu wamesimama nje na nguo zao za harusi, hawajui hata kwamba kulikuwa na ukumbi.

Kanuni yake kubwa lakini ilikuwa ya karatasi. "Skola mwanangu, karatasi yoyote ya hewani inasomwa na macho mara mbili kabla ya mdomo." Nilijifunza kwa kuumia. Siku moja alikohoa, akanipa kadi nimsomee. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kipaza sauti kunielekea, nikaisoma moja kwa moja kwa madaha: "Namsalimia mume wangu popote alipo, na huyo aliye naye nitamkuta gulioni Jumamosi." Jumamosi gulio lilijaa watu wasio na cha kununua wala cha kuuza. Wamekuja kuangalia tu. Anko alicheka wiki nzima, lakini hakunipa tena kipaza sauti.

Na mimi nilikitaka. Mungu anajua nilivyokitaka. Nikichota maji bombani natangaza foleni: "Wasikilizaji, ndoo ya bluu sasa inasogea." Nikipika ugali nasoma taarifa ya habari kwa mwiko. Miaka minane nilikaa mezani pale napokea sauti za watu wengine na kuzipitisha, na yangu imebaki mfukoni.

Kadi zikaisha, zikaja meseji, zikaja sauti za wasapu. Akaja pia Meneja mpya. Kijana msafi, ananukia vizuri, hakuwahi kunifokea hata siku moja. Ijumaa moja, kipindi kilipokwisha, alimkuta Anko anafunga mkoba wake wa kaseti na sidii.

"Mzee, ratiba imebadilika. Kuanzia Jumatatu saa hii ni ya vijana. Hawa watu hawana muda wa gitaa la dakika tisa."

Anko akafunga zipu. Akaifungua. Akaifunga tena. "Sawa. Redio ni yenu. Nipe dakika kumi Jumatatu niwaage."

"Hewani si mahali pa kuagana, mzee. Ukiwaaga wataanza kuuliza maswali."

"Nimekaa nao miaka ishirini na mbili. Hata mgeni wa siku moja anaaga."

"Tutawaambia sisi."

Hakubishana. Alinipa mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya, maana sisi tulisalimiana kwa shikamoo na marahaba, mkono wa nini. Akaondoka akazima simu yake. Tangu Ijumaa ile hadi Jumatatu hakupatikana.

Jumatatu saa nane mchana Meneja akaniita. Karatasi moja mezani.

"Dada Skola, hii isomwe saa kumi kamili. Usome wewe. Wewe wanakujua kwenye simu, wataipokea vizuri. Na ukisoma vizuri, kile kipindi cha salamu za Jumapili kinatafuta mtu."

Mnaelewa nilivyosikia? Sikusikia kuhusu Anko. Nilisikia Jumapili.

Nilikwenda nayo kwenye ngazi za nyuma nikaisoma. Iliandikwa: "Uongozi unawataarifu wasikilizaji kuwa Bwana Damasi hatakuwa tena mtangazaji wa kipindi hiki kuanzia leo." Basi. Mstari mmoja, kama tangazo la kukatika maji. Roho ikaniuma. Miaka ishirini na mbili, mtu aliyewapatanisha wanandoa, aliyetafuta watoto waliopotea sokoni, anaondolewa kama bomba bovu. Nikasema hapana, angalau nimpambe. Nikachukua kalamu. Nikafuta, nikaandika kwa moyo wangu wote:

"Wapendwa wasikilizaji, kwa moyo mzito tunawataarifu kuwa mpendwa wetu Anko Damasi hatunaye tena. Tutamkumbuka daima kwa mema yake."

Nikaona ni nzuri mno. Machozi yakanilenga. Saa kumi kamili taa nyekundu ikawaka, nikasoma, na kwa kuwa nilikuwa na huzuni ya kweli sauti ikatetemeka yenyewe. Fundi mitambo, ambaye alijua fika Anko kaondolewa, naye akaguswa, akaweka gitaa la polepole lisilo na maneno.

Nyie mnakijua Kiswahili cha kwetu. "Hatunaye tena" haisemwi kwa mtu aliyehamia Mbinga.

Ndipo kikaja kile kilio cha ng'ambo. Ikafuata simu. Alikuwa Bi Zuhura wa hapa Msamala, muuza vitumbua, msikilizaji wetu wa kila siku, ambaye nilimjua kwa pumzi kabla hajasema.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema. "Skola mwanangu, ameondoka lini?"

"Ijumaa jioni, mama."

"Ijumaa? Mkakaa kimya siku tatu?"

"Uongozi ulikuwa bado unaandaa tangazo."

"Na mwili uko wapi?"

"Mwili?"

"Skola, usinifiche mimi mtu mzima. Mwili wa Damasi uko wapi?"

Pale ndipo macho yangu yalipoisoma karatasi kwa mara ya pili. 

Nilijaribu kumweleza Bi Zuhura, lakini mtu anayelia hasikii, alikata. Simu zikawa zinapokezana. Nilikimbia kwa Meneja, hakuwepo, amekwenda benki. Kabla ya saa kumi na moja getini pamejaa. Kanga zimefungwa kiunoni. Wamekuja na unga kwenye mabeseni, maharage, kuni kichwani. Walikuwepo mafundi baiskeli wa Bombambili na mikono yao ya grisi, walikuwepo masista wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Mbele yao Mzee Jembe, mwenyekiti wa klabu ya watuma salamu, kavua kofia.

"Dada Skola, pole sana. Sasa turubai linawekwa wapi? Matogoro kwake ni mbali na barabara imekatika. Sisi tunaona msiba ukae hapa hapa redioni. Hapa ndipo kwao."

"Mzee Jembe, hajafa."

"Ndivyo tunavyosema wote siku ya kwanza," akanijibu kwa upole, akanishika bega.

Meneja akarudi kutoka benki, akashuka kwenye gari, akatazama kuni.

"Hakuna aliyekufa hapa," akasema.

Mama mmoja akamjibu bila kuacha kulia, "Kijana, wewe umekuja juzi. Tuache tumlilie mtu wetu."

Nikawaza, kumbe hivi ndivyo anavyopendwa, na yeye hayupo kuona. Na mara akaja. Bodaboda kutoka Matogoro, vumbi hadi kwenye nyusi, shati jeupe, tai nyekundu. Alikuwa hajui lolote. Alikuwa amekuja kumbembeleza Meneja mara ya mwisho kuhusu dakika zake kumi, na mkononi ana karatasi yenye majina ya watu aliotaka kuwashukuru. Akashuka, akaona kuni, akaona mabeseni. Akavua miwani.

"Poleni jamani. Nani kafa?"

  Mzee Jembe ndiye aliyepata ulimi.

"Wewe."

Kuna mtu alipiga magoti, kuna waliorudi nyuma hadi wakaangusha baiskeli. Bi Zuhura alimwendea, akampapasa uso, akamfinya shavu kwa nguvu, akalia upya, akacheka, akampiga kofi la begani. Kwa dakika kama mbili hivi hakuna harusi iliyowahi kuwa na furaha ile. Kisha sauti ya kijana mmoja ikatoka kwa nyuma: "Marehemu kavaa tai." Watu wakaangua kicheko. Na baada ya kicheko, wadogo zangu, ndipo watu walipoanza kuangalia mabeseni yao.

Anko alinigeukia. Hakuuliza nani kafanya. Alisema kwa sauti ndogo, "Skola, nipeleke ndani. Dakika kumi tu. Niwaambie huko waliko kwamba mimi ni mzima, na niwaage mara moja."

Tukafika korido. Mlango wa studio ulikuwa unafungwa kwa ndani kwa komeo, na aliyekuwa na zamu ya komeo ni mimi. Fundi mitambo alikuwa tayari, alinitazama kupitia kioo akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Meneja alisimama karibu na sikio langu la nje.

"Huyu akiingia ataongea na mambo ya ratiba. Soma wewe marekebisho. Jumapili yako iko pale pale."

Hakunitisha. Ingekuwa rahisi kuwaambieni alinitisha.

Nikaingia, nikasukuma komeo. Anko akabaki korido na karatasi yake ya majina. Nikawasha kipaza sauti, nikasema: "Wasikilizaji, Anko Damasi ni mzima wa afya. Kumetokea uvumi, tunaomba muupuuze."

Uvumi. Kosa lilikuwa na mwandiko wangu, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwangu, nikaliita uvumi. Uvumi hauna mama. Kwa hiyo watu wakaanza kuutafutia baba, na wakamwona haraka: mtu aliyezima simu siku tatu, kisha akatokea katikati ya kilio amevaa tai. "Kumbe alipanga," wakasema pale pale getini. "Katolewa kazini, kajizushia kifo ili tumlilie." Mabeseni yakainuliwa. Mama mmoja alihesabu vijiti vyake vya kuni asije akasahau hata kimoja. Mzee Jembe alivaa kofia yake akampita Anko bila kumpa mkono.

Bi Zuhura peke yake alisimama kidogo. "Damasi, mimi nimekusomea dua," akamwambia. "Sasa nimwambie nini Mungu?" Naye akaondoka.

Mjini hapa jina likamganda: Marehemu. Akipita stendi vijana wa bodaboda wanamwamkia, "Shikamoo Marehemu," na yeye mwanzoni alikuwa anaitikia marahaba na anacheka nao. Baadaye akawa anaitikia tu. Baadaye akaacha kushuka mjini. Mimi nikapata Jumapili yangu. Watu walisema nina sauti nzuri, yenye huruma. Miaka sita nilisalimia watu kwa sauti ile.

Nilimkuta mara moja, huko huko Matogoro, nimekwenda kununua maharage ya mbegu. Analima. Nilimwamkia, nikaanza kulia kabla hajaitikia, nikamwambia lile tangazo nililiandika mimi.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Yule Meneja hawezi kuandika 'mpendwa'."

"Kwa nini hukusema, Anko?"

"Ningemwambia nani? Mimi ni marehemu." Akapangusa jembe kwa nyasi. "Kufa si tabu, mwanangu. Tabu ni kuamka kesho yake ukakuta watu wamekasirika kwamba hukufa."

Nikamwomba msamaha. Alinipimia maharage, akaongeza na konzi juu, kama mtu anavyomwongezea mteja yeyote. Halafu akasema, na hili ndilo nililobaki nalo: "La karatasi lilikuwa kosa la moyo, nilishalisahau. La komeo lilikuwa la akili." Hakusema kwamba amenisamehe na sikuwa na uso wa kuuliza mara mbili.

Nyie mnaotaka redio, nendeni. Simwambii mtu asiende. Mimi bado naota, sasa naota duka lenye kioo mbele na vyerehani sita. Lakini jueni kwamba kitu kigumu kuliko kusema hewani ni kurudi kusema tena, kwa jina lako, kwamba ulichosema ni uongo, na kila wiki inayopita maneno yanazidi kuwa mazito. Mimi yalinichukua miaka sita kuyanyanyua.

Niliyanyanyua Jumapili yangu ya mwisho. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiacha mezani kwa Meneja. Fundi mitambo siku hizo hayupo tena, kompyuta inajiendesha, kwa hiyo saa saba mchana studio nzima nilikuwa peke yangu. Nikaandika, nikasoma na macho mara mbili, nikasoma na mdomo: kwamba mimi, Skola, niliandika lile tangazo la kifo, kwamba hapakuwa na uvumi, kwamba Anko Damasi hakupanga lolote, alikuja kuomba kuwaaga na mimi nikamfungia mlango. Dakika moja na nusu, haikuzidi. Nikaweka muziki, nikavua hedifoni masikio yote mawili, nikakaa mbele ya simu ya studio nisubiri matusi.

Dakika ishirini nilikaa, simu haikuita. Kwenye kompyuta ukaingia ujumbe mmoja, unaomba wimbo wa singeli.

Nikatoa simu yangu mkobani, nikapiga namba ya studio. Ile ya mezani ikaita mbele yangu, wazi kabisa, haina kasoro yoyote. Nikaiacha iite mara tatu, nikakata.